Damu Iliyonukia Choya

Juzi televisheni ilimwonyesha mpiga picha wa filamu akipokea tuzo. Wakaweka kipande cha kazi yake ya zamani: mtoto wa kike anakimbia katikati ya alizeti akipiga mayowe. Chai ikanimwagikia mapajani. Mtoto yule nilikuwa mimi.

Nilikuwa natoka shule, kule Mlali, na alizeti zilikuwa zimekauka zikinuka vumbi. Karibu na kisima nikamwona baba amelala chali, shati lote jekundu, watu wamemzunguka kimya. Nikakimbia nikamwangukia kifuani. Damu yake ilikuwa ya baridi na ilinukia juisi nyekundu ya choya, ile aliyoichemsha mama asubuhi, nami nikaamini kwamba watu wazima ndivyo wanavyonukia wakifa.

"Baba, amka," nikasema. Hakuamka.

Mbele yetu alisimama mwanamume aliyebandika jicho kwenye mashine nyeusi. "Shikamoo, mjomba," nikamwambia huku nalia. "Msaidie baba." Hakuitikia hata salamu. Nilidhani mashine imemnasa jicho, haoni kitu, nikamwonea huruma.

Kisha mtu akasema inatosha, na baba akaketi akicheka. "Tunaigiza tu, mwanangu." Sikukubali anishike mpaka alipooga.

Juzi, jukwaani kwenye televisheni, mtangazaji alimuuliza mshindi alimfundishaje mtoto yule kulia vile.

"Sikumfundisha," alijibu kwa upole. "Niliendelea tu kupiga picha."

Kumbe mchana ule, kati ya watu wote waliokuwa pale kisimani, hakuna aliyeniona vizuri kama yeye.