Wino wa Pasi

Mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, Mbinga nzima ilivaa fulana. Kila chama kilitoa zake, na vyama vilipochoka wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa, maana biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mmoja alitaka jina lake litembee mgongoni mwa mkulima. Nyingi ya fulana hizo zilichapwa na Othmar na mkewe Notburga, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba yao. Othmar alishikilia fremu yenye kitambaa cha wavu, Notburga alivuta wino juu yake kwa ubao wa mpira. Halafu Othmar akaugua ghafla, akafa, na kazi yote ikabaki kwa Notburga.

Notburga hakulia. Watu walilisema hilo, tena hawakulisemea pembeni: mwanamke mzima anazika mume macho makavu! Yeye aliwapikia waombolezaji chai, akasugua masufuria, na matanga yalipokwisha akarudi kwenye fremu yake. Alikuwa akimpenda Othmar sana. Ila tangu siku ile alikuwa hasikii kitu, si uchungu wala nafuu, na aliona aibu kulia machozi ya kuazima.

Ganzi hiyo ilifika mpaka vidoleni. Wino waliotumia ulikuwa wa mafuta, mzito kama lami, na haukutoka kwenye fremu ila kwa thina. Thina hiyo Notburga aliipaka kwa kitambaa, mikono mitupu, miaka nenda miaka rudi. Ncha za vidole zikafa taratibu. Akishona kifungo, sindano ilimchoma asijue mpaka aone damu kwenye nguo. Alidhani ni uzee umebisha hodi mapema, akauacha uingie.

Maji machafu yenye thina aliyamwaga nyuma ya nyumba, yakateremka kwenye shamba la jirani yake Bonifasia. Shamba lenyewe lilikuwa la ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo huyachimba mteremkoni ili mvua isikimbie na udongo. Ngolo haichagui. Ukiipa maji itashika maji, ukiipa thina itashika thina. Maharage ya mistari ya juu yakawa manjano, na Bonifasia akaja kusimama mlangoni na mche mkononi.

“Mama Eunice, maharage yangu yamekukosea nini?”

“Pole, dada,” alisema Notburga, akaendelea kuvuta wino.

Kesho yake akamwaga palepale.

Kilichomsimamisha kilikuwa paji la uso la mjukuu wake Jacqueline, ambaye alikuwa bado hajajua hata kutamka jina lake. Eunice, binti yake na mama wa mtoto, alikwenda kuchuma kahawa akamwacha kwa bibi. Mtoto akawa mnyonge, hataki uji. Notburga akamgusa paji la uso, akamfunika khanga, akarudi kazini. Eunice aliporudi, bibi alimwambia, “Nimemgusa, hana kitu.” Eunice naye akamgusa.

“Mama! Mtoto anaungua!”

Walifika zahanati ya misheni degedege limeshaanza. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini Sista aliyemhudumia alimgeukia bibi, akamwambia afumbe macho na atoe mkono.

“Nikikuchoma useme.”

Notburga alisubiri. Alisubiri sana. “Haya, choma,” akasema.

“Nimeshachoma vidole vyote,” alisema Sista, akamwuliza kazi yake ni nini. Alipoisikia alitikisa kichwa. “Iache hiyo thina. Ukiiacha, huenda vidole vikarudi. Usipoiacha, hata vilivyobaki vitakwenda.”

Afadhali angeogopa. Hakuogopa. Alitazama mikono yake iliyomgusa mtoto anayeungua ikasema hana kitu, akaona mikono ya namna hiyo haifai kuachwa na watoto. Akaenda dukani kwa Ramadhani Ausi.

Ramadhani, ambaye baba yake alitoka Kilwa na mdomo wa kibiashara, alikuwa na ndoo za wino wa aina nyingine zilizolala dukani bila mnunuzi. “Huu unaoshwa kwa maji matupu, Mama Eunice. Fremu, mikono, sakafu, maji tu. Ila ukishachapa na kukauka, lazima upige pasi ya moto sawasawa. Usipopiga, unaondoka na povu la kwanza.” Notburga akaubeba nyumbani.

Mteja wa kwanza alikuwa Mwalimu Frederick, aliyepanda kutoka Lituhi, kule ziwani, kuagiza fulana za kwaya kwa ajili ya jubilei ya parokia. Zilitakiwa ziwe na msalaba kifuani, na samaki chini yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Safari hii nitawachapia kwa wino wa maji.”

Lo! Alisema kweli, lakini kwa neno baya. Frederick alicheka, kisha akaacha.

“Wino wa maji? Mama, sisi maji tunayo ziwa zima. Maziwa ya maji tunayajua, pombe ya maji tunaijua. Utuchapie ule mzito, wa marehemu.”

Maelezo yalikuwepo, lakini Notburga aliona kuyatoa ni kazi. “Basi nitatumia ule,” alisema, na mkono wake ukaenda zake kwenye kopo la thina, kama ng’ombe anayeijua njia ya zizini.

Ramadhani alikuwa mlangoni, amekuja na robota la fulana nyeupe. “Mwalimu, usimsikilize, mama anatania,” alidakia. “Huu unaitwa wino wa pasi.”

“Wa pasi?”

“Unabanikwa kwa pasi mpaka unashikana na uzi. Chukua moja, kawape akina mama waifue ziwani, waipige juu ya mawe watakavyo.”

“Kumbe huu ndio uliopasi!” alisema Frederick, maana mwalimu ni mwalimu.

“Umepasi daraja la kwanza,” alisema Ramadhani bila kupepesa.

Notburga akachapa moja, akaipiga pasi. Fulana ikaenda Lituhi, ikapigwa mawe kama mwizi, ikarudi imelegea shingo lakini msalaba na samaki wake wako palepale. Kwaya ikaagiza zote. Tangu hapo Mbinga hakuna aliyeuita wino ule kwa jina lingine, na kopo la thina likarudi dukani.

Kipupwe kikapita. Maharage ya Bonifasia yaliota ya kijani, naye hakusema asante, wala hakuwa na deni hilo. Vidole vilibaki vilevile. Notburga aliijaribu pasi ya mkaa kwa kuidondoshea maji, kwa sababu mkono wake haukuwa shahidi wa kutegemewa. Sista alisema huenda, na Notburga alishaanza kuzoea kwamba huenda maana yake ni hapana.

Siku moja asubuhi alikuwa anazipiga pasi fulana za mwisho za kwaya. Kola ikajikunja, akainyoosha kwa kidole huku pasi inakuja.

“Mamaa!”

Pasi ikaanguka, makaa yakatawanyika sakafuni. Eunice alikuja mbio. “Umeungua, mama?”

“Inauma,” alisema Notburga, akikitazama kidole. “Eunice, inauma.”

Akaketi chini na kuanza kulia. Mwanzo alilia kama mtu aliyeungua, kisha sauti ikapanda, ikawa kilio kile ambacho mtaa mzima unakijua na haukisikii ukakaa. Bonifasia aliacha jembe kwenye ngolo akapanda mteremko amejifunga khanga kiunoni, na wengine nyuma yake.

“Nani amekufa?” aliuliza mlangoni, akihema.

“Othmar,” alisema Notburga.