Vidole vya Fundi Havisikii Sindano

Saa mbili asubuhi, sindano ya cherehani inamchoma fundi kidoleni, naye anaendelea kukanyaga pedali kana kwamba aliyechomwa ni jirani.

"Wifi, damu!" anapiga kelele mke wa kaka yake, anayeshona naye chumba kimoja.

"Naiona. Kuisikia ndiyo sijaisikia."

Mwaka jana fundi alikatwa titi kwa saratani. Baada ya upasuaji akaombwa aingie kwenye utafiti. Baadhi ya wanawake wanatundikiwa dawa kidogo kila wiki, wengine nyingi kwa mara moja kisha wanapumzika, ijulikane ipi inazuia ugonjwa kurudi bila kumvuruga mtu.

"Wifi akasema nimejipeleka kuwa panya. Nikamwambia panya haulizwi, mimi nimeulizwa."

Kuulizwa huko ndiko kunakomchemsha sasa. Baada ya dripu za kwanza ganzi ilianzia kwenye ncha za vidole, ikapanda. Lakini kila akifika kliniki, muuguzi humwuliza mlangoni, foleni nzima imetega masikio.

"Mama, habari za mwili?"

"Nzuri."

"Na dawa?"

"Tunamshukuru Mungu."

Basi, dripu inatundikwa.

"Mtu mzima akiulizwa habari mbele za watu atajibu mbaya?" anafoka. "Kule si kuuliza, ni kusalimia! Halafu wanaandika sina neno!"

Leo anaingia kliniki na kidole kimefungwa kitambaa. Muuguzi anafungua kinywa.

"Usinisalimie. Niulize!"

Daktari anakuja, anamgusa vidole kimoja kimoja kwa pamba, fundi akiwa amefumba macho. Hasikii. Daktari anazuia dripu ya leo. Dawa itapunguzwa, anasema. Ganzi huenda ikaisha, huenda isiishe.

"Mbona hukusema, mama?"

"Mbona hamkuuliza? Mngetangaza dawa haina madhara, kesho mkampa binti yangu!"

Kwenye benchi, mwanamke mmoja anavua kiatu. "Hata mimi nyayo sizisikii." Mwingine anainua mkono.

Kujitoa kwenye utafiti hataki. Anataka vidole vyake virudi, na anataka chumba chenye mlango, kila mwanamke aulizwe peke yake, kuanzia kichwani mpaka ukuchani. Muuguzi anasema chumba hakuna.

"Sawa. Wiki ijayo nitajibu hapahapa foleni, kwa sauti," anasema fundi. "Na nitaanza na habari za choo."