Mashine ya Kuoshea Sahani na Mgongo wa Pazi

Tangu mashine ya kuoshea sahani iteremshwe kutoka behewa la mizigo pale stesheni ya Morogoro, Scholastika hakuujua tena utulivu. Alikuwa mjane wa makamo, Mluguru wa milima ya Mgeta, aliyebatizwa na mapadre na kuozwa na mjomba wake. Kabla ya chuma hicho kufika, alikuwa ameosha vyombo vya hoteli ya Bwana Lindner kwa mikono yake katika hori la mbao, akakijua kila kikombe kwa ufa wake. Sasa alikuwa mtu wa kuketi, kusimama na kuketi tena, sikio lake daima likiwa kwenye tumbo la mashine, kama mama anayelea mtoto wa kikohozi.

Lilikuwa pipa kubwa la shaba lenye kifuniko. Ndani mlikuwa na vichanja vya waya vya kupangia sahani, na chini ya vichanja bomba lenye matundu madogo madogo. Mtu akizungusha mpini uliokuwa ubavuni, maji ya moto yaliyotiwa magadi yalivutwa kupitia chujio na kilango cha ngozi kilichoyazuia yasirudi, yakarushwa juu kwa nguvu na kuzipiga sahani. Kupanga kulikuwa kazi ya Scholastika. Mpini ulikuwa wa Pazi, mdogo wake wa tumbo moja.

"Kwangua mabaki, panga, funika, zungusha," Bwana Lindner aliwaambia siku ya kwanza. "Basi. Hakuna zaidi."

Scholastika aliitikia, lakini moyoni aliliona agizo hilo kuwa la mtu asiyelelewa. Kwao milimani chombo hakitumbukizwi majini na uchafu wake. Husuguliwa kwanza pembeni kwa majivu na mchanga, ndipo kikasuuzwa. Na mwanamke atakayechovya chungu chenye ukoko katika maji wanayoteka wenzake ataimbwa ngomani mpaka wajukuu wake waone haya. Sembuse sahani za wageni wengi, mate ya huyu na mchuzi wa yule, zote katika pipa moja! Kwa hiyo, nyuma ya jiko, kila sahani aliisugua kwanza kwa majivu na mchanga mweupe aliouchota kwenye kijito cha upande wa Bigwa, akaipangusa kwa kiganja, ndipo akaipanga kichanjani. Hakumwambia mtu, wala hakudhani kwamba anaficha jambo. Mtu huficha wizi. Nani afiche usafi?

Masika yalipoanza, mpini ukaanza kuwa mzito. Kwanza Pazi alitania kwamba mashine imenenepa kwa kula mabaki ya Wazungu. Kisha utani ukamwisha. Maji yaliyokuwa yakiruka kama mvua yakawa yanatiririka kama jasho, na sahani zikatoka na ukungu. Siku moja mpini uligoma kabisa katikati ya chakula cha jioni, naye Bwana Lindner akaja jikoni na kitambaa chake cha mezani bado shingoni.

"Wewe unaiharibu kwa makusudi."

"Bwana, mashine yenyewe ndiyo imekataa."

"Chuma hakikatai. Watu ndio hukataa." Akamnyooshea kidole. "Jumapili mchana mainjinia wa reli watakula hapa. Ikikwama tena, utakwenda bomani."

Ndivyo mambo yalivyokuwa enzi zile. Tangu vita vya Maji Maji, Wadachi, yaani Wajerumani waliotutawala, walinusa uasi hata katika mpini uliokwama. Na chuma kilipoharibika, hawakutafuta kasoro ya chuma, walitafuta mgongo wa mtu. Mgongo wa Pazi ulikuwa umekwisha kutafutwa mara moja. Alipokuwa kibarua wa kuchimba njia ya reli alichapwa viboko vya bomani, hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, na tangu siku hiyo hakuweza kulala chali, na akiinua mzigo mzito alikohoa damu.

"Dada, safari hii sitarudi," alimwambia Scholastika, akijaribu kucheka. "Waambie wanizike kifudifudi. Nimezoea."

"Funga mdomo wako!"

"Au nikimbilie Kisaki, nikaishi na nyani."

"Na ukikimbia, watasema kweli uliiharibu. Watakufuata huko huko. Kaa hapa."

Lakini yeye mwenyewe hakuweza kukaa. Jumamosi, Bwana Lindner alipopanda farasi kwenda kuwinda, Scholastika alifunga kaniki yake vizuri, akayamwaga maji yote ya pipa na kuanza kuifungua mashine, kiungo baada ya kiungo, akivipanga vipande sakafuni kwa jinsi vilivyotoka ili asije akasahau njia ya kurudi. Alizibua matundu ya bomba kwa mwiba wa nungunungu. Alitoa chujio, akakuta limezibwa na donge gumu la kijivu, lenye punje zinazometameta.

"Mto huu!" alifoka. "Masika yanatushushia mlima mzima!"

Akamkaripia Pazi kwa kuteka maji machafu. Kisha, kwa kuwa hasira haikumtosha, akachukua ndoo ya maji ya mto na kuyachuja kwa kitambaa cheupe. Kilichobaki juu ya kitambaa kilikuwa tope jekundu, laini kama unga wa wimbi. Hapakuwa na punje hata moja. Akaliponda lile donge la kijivu kwa vidole, akalisikia likikwaruza, akalinusa. Majivu. Majivu na mafuta ya nyama yaliyogandamana kama sabuni, na ndani yake mchanga mweupe. Aliujua mchanga ule. Alikuwa ameuchekecha kwa mikono yake mwenyewe.

Alikaa chini pale pale, kati ya vipande vya shaba. Yeye ndiye aliyekuwa akiikaba mashine, kila siku, kwa bidii na kwa nia safi, na ndugu yake ndiye atakayelipa kwa ngozi yake.

"Kuna nini?" Pazi aliuliza.

"Nipishe, nifanye kazi."

Kilango cha ngozi nacho kilikuwa kimetafunwa na mchanga, kimebaki matambara. Ngozi imara ilikuwa moja tu karibu: mkanda wa Mzee Rehani, mpishi mkuu, mtu wa Bagamoyo, aliyeachiwa mkanda huo na kapteni mmoja wa meli na asiyeacha kulisimulia jambo hilo.

"Shikamoo, Mzee Rehani."

"Marahaba. Ukiniamkia kwa sauti hiyo, najua unataka kitu."

"Naomba kipande cha mkanda."

"Kipande cha nini? Suruali yangu ianguke mbele ya mainjinia? Ninyi watu wa milimani mna wazimu wa baridi!"

"Pazi atapelekwa bomani, mzee."

Rehani alitazama uani, ambako Pazi alikuwa akipasua kuni, akisimama kukohoa kila baada ya mapigo machache. Akavuta mkanda taratibu kutoka kiunoni. "Kata mwishoni, upande usio na chuma," alisema. "Na ukisimulia kwamba nilifunga suruali kwa kamba ya mkonge, nitakutilia pilipili kwenye uji."

Jumapili misa ilimpita Scholastika. Tangu alfajiri aliijaribu mashine mara kwa mara: mpini ulizunguka kwa kidole kimoja, maji yaliruka mpaka kwenye kifuniko, na sahani zilitoka ziking'aa bila kusuguliwa na mtu. Alimwona Pazi akitabasamu, akadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Baada ya mchuzi wa kwanza, Bwana Lindner aliwaleta wageni wake jikoni waione mashine. Alikamata mpini mwenyewe, akauzungusha, akautazama mkono wake kwa mshangao, kisha akamtazama Pazi.

"Mnaona?" alisema kwa Kiswahili, makusudi wote wasikie. "Nyepesi! Nilimtisha, ikawa nyepesi. Basi ilikuwa hila yake tangu mwanzo." Akamwita askari aliyekuwa amewasindikiza wageni. "Mchukue huyu. Bomani."

Je, kulikuwa na njia gani ya kushinda hukumu ya namna hiyo? Mashine ikikwama, Pazi ana kosa. Mashine ikipona, Pazi ana kosa. Askari alikuwa amekwisha kumshika mkono. Scholastika alijua, kama mji wote ulivyojua, kwamba kiboko cha bomani hakikuruhusiwa kwa wanawake. Kifungo, ndiyo, lakini si kiboko. Akainama kwenye debe lake nyuma ya mlango, akachota konzi ya mchanga na majivu, akainua kifuniko na kuitupa ndani ya pipa huku Bwana Lindner bado anazungusha.

"Zungusha, bwana," alisema. "Usiache. Zungusha."

Mzungu yule, kwa mshangao zaidi kuliko kwa kutii, alizungusha. Mashine ikakwaruza. Mpini ukawa mzito, ukazidi, ukamgomea mkononi.

"Ni mimi. Nilizisugua sahani kwa mchanga kabla ya kuzipanga. Ndivyo tunavyoosha kwetu. Ndugu yangu hakujua."

Injinia mmoja aliangua kicheko, wengine wakafuata. Bwana Lindner aliuachia mpini. Hakuomba radhi; watu wa namna yake hawakuwa na neno hilo kwa watu wa namna yetu. Alimpungia askari mkono aende zake, kisha akamwambia Scholastika, "Safisha," akatoka na wageni wake.

Pazi alibaki ameegemea ukuta.

"Nenda kwa mjomba, Mgeta," dada yake alimwambia. "Sasa hivi, kabla hajabadili mawazo. Na upite barabarani, mchana huu, watu wakuone. Huna kosa la kukupitisha porini."

"Na wewe, dada?"

"Mimi nimeambiwa nisafishe."

"Umenikaba wewe, umeniokoa wewe," Pazi alisema. "Sijui nikushukuru kwa lipi."

"Nenda!"

Alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona, akitembea katikati ya barabara kama mtu mwenye shamba lake. Ukumbini waliita kahawa. Mashine ilikuwa imekwama, na vikombe safi havikuwapo. Scholastika alilivuta hori la mbao kutoka ukutani, akamimina maji ya moto, akaanza kuosha, akigeuza shingo kila mara kuutazama mlango aliotokea askari.