Bibi Taro wa Kot Bhaglan, Mkunga Aliyekataa Sifa ya Wavulana

Alizaliwa mwezi Machi mwaka 1938, ngano ikianza kugeuka rangi, katika kijiji cha Kot Bhaglan, wilaya ya Gurdaspur, jimbo la Punjab, India, kwenye mtaa wa Wakristo ulio nyuma ya mazizi. Baba yake, Labha Masih, alizoa samadi ya ng'ombe wa wenye mashamba, na mama yake alikanda vibonge vya kuwashia moto. Alibatizwa Maria, lakini watu walimwita Taro, na ndivyo tutakavyomwita hapa. Alikuwa binti wa nne, na ukweli usemwe, siku ile hakuna aliyegawa ladu, vile vitamu vya kusherehekea mwana. Alipotimiza miaka kumi na sita aliozwa kwa Yusaf Masih wa mtaa uleule. Mama mkwe wake, Hakim Bibi, alikuwa mkunga wa kijiji kizima, akaanza kumfundisha kazi: kupapasa tumbo, kusubiri bila papara, kufunga kitovu, na kuingia nyumba za wakubwa kwa mlango wa nyuma.

Kazi ile ilikuwa na upande mwingine, na tunaoandika maisha ya watakatifu hatuna ruhusa ya kuufunika. Katika nyumba kadhaa, mtoto akitoka wa kike, bibi wa nyumba alisema neno moja tu, nalo lilikuwa, "Mrudishe." Mkunga alijua maana yake. Kulikuwa na afyuni ya kupaka kwenye ziwa la mama, na kulikuwa na chungu kipya chenye mfuniko. Hakim Bibi alilifanya jambo hilo mara ngapi hakusema, na mkwewe alichelewa sana kuuliza.

Wito wake ulimjia mchana wa tarehe 9 Februari mwaka 1962, katika nyumba ya Bishan Kaur, mwanamke aliyeogopwa na wanawe wote watano. Hakim Bibi alikuwa mgonjwa, Taro akaenda peke yake. Mke wa mwana mkubwa akajifungua binti, wa tatu mfululizo. Bishan Kaur akachungulia, akavuta shela yake kichwani.

"Taro, kazi yako unaijua. Mrudishe alikotoka, kisha pitia ngano yako ya ujira kwa mpishi."

"Nimefundishwa kuzalisha, mama," Taro akajibu. "Hilo jingine sikujifunza, na sijifunzi leo."

Hapo akafanya jambo ambalo hakuna mkunga aliyewahi kulifanya Kot Bhaglan. Mvulana akizaliwa, watu wa nyumba hupanda darini wakapiga sahani ya shaba ili kijiji kisikie. Taro aliichukua sahani ya jikoni kwa Bishan Kaur, akapanda darini na mtoto akiwa kifuani ndani ya shela, akaipiga mpaka majirani wakamiminika uani kutoa pongezi. Walipouliza, akafunua shela. "Binti! Tena ana sauti kama filimbi. Njooni mmwone!" Kijiji kizima kikawa kimemwona akiwa mzima, na baada ya hapo hakuna ambaye angeweza kumpoteza kimyakimya. Walimpa jina Jasvir. Bishan Kaur akamnyima Taro ngano misimu minne, na Yusaf akafukuzwa kazi yake ya mazizini. Wakala mboga za haradali na mikate mikavu, wala Taro hakujuta. Akafanya hivyo tena nyumba ya pili, na ya tatu, mpaka mabibi wa nyumba walipoanza kuzificha sahani zao, naye akaanza kuja na yake. Miaka ishirini baadaye, kurudisha watoto kwa mkono kulikuwa kumekoma Kot Bhaglan. Laiti tungeweza kuweka kalamu chini hapa.

Mwaka 1986 mpwa wake Piyaro alifariki mikononi mwake, mtoto akiwa amekingama tumboni, na Taro hakuweza kumgeuza. Alilia siku nyingi. Kila Jumapili, mbele ya watu wote, aliomba kwa sauti: "Bwana, tupe macho ya kuona ndani ya tumbo, nisizike mwingine." Waumini wakaitikia amina. Na macho yakaja. Mwaka 1988 daktari mmoja alifungua zahanati yenye mashine ya ultrasaundi katika mji wa soko, umbali wa saa moja kwa trekta. Taro alipiga magoti barabarani akashukuru. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiwahimiza wajawazito waende wakapigwe picha, na waliosita aliwasindikiza mwenyewe, akikaa nao nyuma ya trela huku amewashika mikono.

Mmoja wa wale wa kwanza alikuwa Jasvir. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya mfereji, ana binti mmoja, na mimba ya pili ilikuwa ikimsumbua. Daktari alitazama, akasema mtoto amekaa vizuri, kisha akamwita mama mkwe kando akamnong'oneza. Wiki ile mimba ikatoka. Taro akadhani imetoka yenyewe, akampikia Jasvir dawa za kuongeza damu. Mwaka uliofuata akamzalisha mvulana, akafurahi kama waliofurahi. Aliyapokea mengi ya namna hiyo bila kuelewa. Tusimwonee, lakini pia tusimsafishe: mwanamke aliyelijua lile neno moja la Bishan Kaur angepaswa kuutambua ule mnong'ono.

Wavulana wakazidi. Kufikia mwaka 1992 alimaliza majira yote ya baridi bila kupokea binti hata mmoja, na sifa zikaanza kutangaa kwamba mkono wa Bibi Taro unaleta wana wa kiume. Wanawake wakaja kutoka vijiji vya mbali ili awashike tumbo. Wale waliokuwa wakimwingiza kwa mlango wa nyuma sasa walimtandikia kitanda uani. Akawa anacheka na kukataa, "Mimi nakata kitovu tu, jamani," mpaka bibi mmoja aliyemletea sanduku la ladu alipomwambia kwa upendo kabisa, "Usijishushe, Bibi. Ni wewe uliyetuonyesha mashine. Zamani tulisubiri miezi tisa tuone, kisha wewe unatupigia sahani! Sasa mambo yanakwisha mapema, hakuna wa kulia." Taro aliliweka sanduku chini. Wanaokumbuka wanasema alikaa kwenye kizingiti chake mpaka jua likazama, akiitazama mikono yake.

Aliposikia kwamba Jasvir ana mimba tena, kwamba daktari ameshanong'ona ni binti, na siku ya kwenda mjini kuitoa imepangwa, alivuka mfereji kwa miguu. Alimkuta akipepeta mchele. Akamsihi, akamwangukia, na mwisho akasema neno alilokuwa hajawahi kumwambia: "Mwanangu, nilikubeba kifuani walipotaka kukuua. Mbebe na wewe huyu."

Jasvir aliendelea kupepeta. "Ulinibeba, Bibi, najua. Ulinipigia sahani, ukaenda zako. Je, uliwahi kurudi kuniuliza nimeishije? Nilikula mabaki ya kaka zangu. Nilipozaa binti nilipigwa nikiwa bado natoka damu. Huyu wangu wa kwanza anaitwa mzigo na baba yake mzazi. Wewe ulinihurumia mimi. Niache na mimi nimhurumie huyu." Alhamisi akaenda mjini, akarudi na tumbo tupu.

Tangu hapo Bibi Taro hakuzalisha tena. Kanisani, Jumapili ya Matawi mwaka 1993, alisimama akasema, "Ni mimi niliyewapeleka. Damu ya mabinti hawa naijua kwa majina ya mama zao." Watu wakainamisha macho, wengine wakasema uzee umemwingia. Kisha akaenda kusimama langoni pa zahanati, akasimama pale miaka kumi na miwili. Mwaka 1994 sheria ikakataza kutaja kama mtoto aliye tumboni ni wa kike au wa kiume, tangazo likabandikwa ukutani, na daktari akaanza kutaja kwa ishara. Naye Bibi akamwambia kila aliyepita, "Rudi, binti yangu, usiingie." Na wao, ole wetu, walimjua kuwa ndiye yule wa mkono wa wavulana. Waliinama wakamgusa miguu ili wabahatike, halafu wakaingia. Alipiga kelele, "Msiniguse! Mimi sina baraka hiyo!" wakasema watakatifu ndivyo walivyo, wakali. Daktari, mtu wa adabu, alimtolea kiti na chai, maana biashara ilistawi alipokuwepo. Kiti hakukikalia hata siku moja.

Aliyegeuka kwa neno lake tunamjua mmoja tu. Mwaka 2001 bibi arusi aitwaye Rajni alisimama mbele yake muda mrefu, akamwuliza, "Nikirudi, nitalala wapi?" Bibi akajibu, "Kwangu." Akaenda kwake, wakwe wakamkana, na akajifungua binti kwenye mtaa wa Wakristo. Anaitwa Sukhman.

Bibi Taro alifariki tarehe 14 Januari 2006, kwa homa ya mapafu aliyoipata langoni katika ukungu wa siku nyingi. Alikataa kufarijiwa. Padri alipomwambia Mungu ameiona toba yake, alijibu, "Ameiona. Na wale mabinti je, nani atawaona?" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Wanaotaka atangazwe mtakatifu wanatuomba miujiza, na miujiza wanayoleta yote ni wavulana. Kaburi lake kila Alhamisi limefungwa nyuzi nyekundu za wanawake wanaoomba mwana wa kiume. Sisi tunasema mbele ya Mungu kwamba hiyo si miujiza yake, na anayetaka kumwiga aige kitu kimoja: alisema "ni mimi" pale ambapo kijiji kizima kilimsihi akubali kusifiwa. Sukhman, aliye sasa msichana mzima, huzikata nyuzi hizo kila Ijumaa asubuhi. Wanawake wakimfokea, huwaambia kwamba atakayekuja kuomba binti, uzi atamfungia yeye mwenyewe. Ameuweka tayari mfukoni. Mpaka tunapoandika haya, hajaja hata mmoja.