Vitu Tulivyotupa Kabla ya Mpaka

Mimi ni mtu wa kwanza wa mtaa wetu wa Uvira aliyeondoka kwa miguu akarudi kwa ndege na diploma mkononi. Nasema hivyo wazi, maana wapo wanaopenda nisimulie kwa unyenyekevu. Hakuna aliyeninunulia hata kalamu. Nilisomea Durban kwa njia ya posta, nikiwa nimesimama kwenye parking ya South Beach, nikilinda magari ya watu walioshuka kuogelea. Diploma yangu ni ya ualimu, somo langu kuu ni historia, na historia ndiyo iliyonipa kisasi changu.

Vita vilipofika Uvira tuliondoka watu kumi na mmoja nyuma ya mpitishaji mmoja, jirani yetu, aliyesema anaijua njia ya Afrika Kusini kama anavyoijua nyumba yake. Kila mtu alibeba kitu cha kuanzia maisha. Mimi nilibeba kichwa cha cherehani ya marehemu baba, bila meza yake, kimefungwa kwa kitenge. Mama mmoja wa Fizi, mkubwa kuliko sisi wote, alibeba sufuria tatu za kukaangia maandazi ya kuuza. Tulivuka ziwa hadi Zambia, tukapanda malori hadi Msumbiji. Njia nzima cherehani ilikuwa kichwani pangu au mapajani.

Asubuhi tuliyokaribia uzio wa mpaka, mpitishaji alitusimamisha vichakani.

"Hapa mnatupa kila kitu," akasema. "Askari akiona mzigo anajua mnahama. Akiona mikono mitupu anajua mnatoka shamba."

"Baba, hata sufuria?" mama wa Fizi akauliza.

"Mama, utapikia wapi? Gerezani?"

Tulicheka kwa sababu tuliogopa. Tukarundika vitu vyetu mahali pamoja, na yeye mwenyewe akakata matawi akavifunika, eti mvua isiviharibu. Nilimshika mkono nikamshukuru. Baadaye, shukrani ile iliniuma kuliko hasara yenyewe.

Durban haikutupokea sawasawa. Wengine walikwenda kufagia viwanda vya Jacobs, mama wa Fizi alisuka nywele kando ya barabara, mimi nikapata kizibao cha rangi na kazi ya kuelekeza magari. Mpitishaji, yeye, alipata nyumba Umbilo, akafungua duka dogo la kila kitu, na mkewe akawa na chumba cha ushonaji hapo nyuma. Kanisani alikaa kiti cha mbele. Akinikuta ufukweni aliniita Monsieur Parking.

"Monsieur Parking, bado unasoma vitabu vya wazungu?"

"Bado, kaka."

"Soma, soma. Magari hayatakimbia."

Nilicheka naye. Nilikuwa bado namheshimu kama mtu aliyeniokoa.

Mwaka wa pili wa masomo chuo kiliniletea kitabu kuhusu Amerika ya karne ya kumi na tisa, na ndani yake sura ndefu juu ya watu waliohamia magharibi. Niliisoma katikati ya magari, jua likichoma kurasa. Walikuwa wakulima waliotaka ardhi, na wengine waliosikia kwamba dhahabu imeonekana Kalifornia. Walipakia maisha yao yote kwenye magari ya mbao yaliyofunikwa maturubai, yakakokotwa na ng'ombe miezi mingi, kupita nyika, mito, jangwa na milima. Nilisoma jinsi walivyochagua kapteni wao kwa kura kabla ya kuondoka, na jinsi walivyoweza kumng'oa njiani akiwadanganya. Nilisoma pia juu ya wenye nchi ile, waliokuwepo kabla, ambao hakuna aliyewauliza kama njia ipite kwao. Mkufunzi alitaka tukariri sababu na matokeo. Mimi niliganda kwenye ukurasa mmoja.

Ukurasa ule ulisema ng'ombe walipochoka, watu walianza kutupa vitu. Majiko ya chuma, vitanda, makasha ya nguo, fuawe za wahunzi, vyote vikabaki kando ya njia. Kisha ukasema wapo waliokuja nyuma yao na magari matupu wakavizoa, wakaviuza mbele kwa wengine wenye shida.

Gari moja lilipiga honi, nikaliacha lipige. Nilikuwa nimesimama tena kwenye vile vichaka, namwona mtu anakata matawi. Anayetupa kitu kwa sababu ya hatari hakifuniki. Anayekifunika anataka kukirudia.

Kesho yake nilipeleka suruali Umbilo ikunjwe pindo. Mke wa mpitishaji aliipokea vizuri, akaiweka chini ya sindano, na mimi nikaitazama cherehani. Meza ilikuwa mpya. Kichwa kilikuwa cha baba. Skrubu moja ya ubavuni ilipotea nikiwa mtoto, baba akaweka ya baiskeli mahali pake, yenye kichwa kikubwa. Ilikuwa palepale.

"Cherehani nzuri, dada," nikasema.

"Ya kizamani, lakini haichoki. Mume wangu aliipata njiani."

Nilichukua suruali yangu nikaenda. Ningeweza kupiga kelele siku ile, na watu wangemwona mlinzi wa magari anagombana na mtu wa kiti cha mbele. Niliamua nisubiri diploma. Nilisubiri mwaka mmoja na miezi kadhaa, na kila nilipochoka kusoma niliikumbuka ile skrubu nikaongeza ukurasa mwingine. Watu husema chuki inadhoofisha. Mimi ilinifaulisha kwa alama za juu.

Diploma ilipofika, watu wetu walikuwa wanajiandaa kumchagua président wa chama chetu cha kusaidiana. Mpitishaji ndiye pekee aliyetajwa. Mchungaji akaniomba nitoe mazungumzo mafupi kabla ya kura, kwa kuwa nilikuwa msomi wa kwanza kati yetu. Nikakubali haraka sana. Nilitaka mambo mawili tu: asikikalie kile kiti, na nirudishiwe kitu cha baba.

Jumapili ile, mchana, ukumbi ulijaa. Mpitishaji alikaa mbele na suti ya kijivu.

"Leo Monsieur Parking atatufundisha namna ya kurudisha gari nyuma," akasema, na watu wakacheka.

Nilicheka pia. Kisha nikaanza Amerika. Niliwapa ng'ombe, vumbi, mto uliobeba gari na watoto ndani yake, wanaume waliokwenda kuchimba dhahabu wakaishia kuosha sahani za wenzao. Watu walitulia, maana walikuwa wanaijua safari. Nikafika kwenye vitu vilivyotupwa. Nikawaeleza majiko na vitanda, nikasema walikuwepo viongozi wa njia waliowaambia tupeni, tupeni, na ndugu zao walikuwa nyuma na magari matupu. Hapo niliongeza kidogo. Kitabu hakikusema walikuwa ndugu.

Mama wa Fizi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, iko swali. Hao wa nyuma walijua namna gani vitu viko wapi?"

"Mama, hilo ndilo swali la mtihani. Mimi nilijibu kwamba mahali pale palikuwa pamefunikwa matawi."

Wale wa safari yetu waliokuwepo, watu saba, wakageuza vichwa wote kumtazama mtu mmoja.

"Amerika iko mbali, Mwalimu," mpitishaji akasema. "Tupige kura."

"Kweli iko mbali. Cherehani ya baba yangu ndiyo iko karibu, na skrubu yake ya baiskeli."

Angekana ningepata kazi ngumu. Lakini alikuwa na majivuno kama yangu, akasimama kujitetea.

"Vile vitu mlitupa wenyewe. Shemeji yangu alipita na pikapu akaviokota. Kitu kilichotupwa hakina mwenyewe."

"Mwanangu," mama wa Fizi akasema bila kupaza sauti, "mimi sikutupa. Wewe ulinitupisha. Sufuria zangu uliziuza wapi?"

Mpitishaji aliketi. Mchungaji alipoitisha kura, mikono mitatu ilinyooshwa, mmoja ukiwa wake. Yule mama alichaguliwa président siku hiyohiyo, ingawa hakuwa ameomba.

Jioni mpitishaji alinitumia ujumbe niende nichukue kitu changu. Nikajibu kwamba siendi kukichukua. Atakileta yeye, kwa miguu, kichwani, mchana, kutoka Umbilo hadi ghorofa yangu South Beach. Akikataa nitakwenda na wale saba dukani kwake, wakati limejaa wateja, kila mmoja aulize kitu chake.

Alikileta Jumamosi. Nilimsubiri mlangoni kwake nikatembea nyuma yake, mikono mfukoni. Hakuwa na kata, chuma kilimkalia utosini hivyohivyo. Vijana wa saluni walitoka nje kutazama. "Eish, président," mmoja akasema, "taxi zimegoma?" Kwenye robot ya kwanza, ndivyo Durban wanavyoziita taa za barabarani, taa za watembea kwa miguu zikawa kijani, akataka kuvuka. Nikamwambia asubiri. Zikarudi nyekundu, zikawa kijani tena, nikamwambia asubiri. Mara ya tatu ndipo nikamruhusu. Lifti yetu ilikuwa nzima siku ile. Tulipanda ngazi.

Alipokiweka mezani kwangu shingo yake haikugeuka vizuri.

"Umetosheka?" akauliza.

"Rudi uende. Shuka kwa lifti."

Jumatatu mkewe alibisha mlango, amebeba mfuko wa sare za shule alizokuwa hajazimaliza. Hakujua habari za matawi, na machozi yake niliyaamini. Nikamwambia cherehani haitoki tena mle ndani, ila sare azishonee hapo. Alishona siku nne karibu na dirisha langu. Mumewe hakupanda kumletea hata uzi.

Mwezi uliofuata mpitishaji alihama kutoka Durban. Mchungaji akanijia, akasema sasa ni wakati wa kusamehe, kwamba mtu amepoteza kiti, duka na jina, nimwachie Mungu kilichobaki. Nilimkaribisha chai. Nikamwambia nitasamehe nikishamaliza kufurahi.

Cherehani niliileta Uvira kwa ndege, na dada yangu anaitumia. Sijamaliza.