Mkalimani wa Kithai wa Nyasho

Jamani, hili nalisimulia nikiwa nimejifunika uso, na mkicheka chekeni polepole, maana mama yangu mpaka leo hajalicheka.

Mimi nashona nguo Nyasho, na mdogo wangu Wambura alikwenda kusoma Bangkok, basi siku moja akaandika kwenye grupu la familia kwamba anakuja na mchumba wake, Malee, apokelewe nyumbani Butiama. Kwetu mkwe hupokelewa na wanawake ndani, wanaume wote hukaa nje, bwana harusi akiwemo, na mama husema neno la kumpokea mara moja tu (likirudiwa, wanasema limetiwa shaka). Wambura akauliza nani atatafsiri huko ndani. Nami, sijui nilitumwa na nani, nikaandika: "Msihangaike, Kithai ninacho."

Kithai gani! Nilijifunza wiki tatu kwa video, simu nimeiegemeza kwenye cherehani, mguu unakanyaga, mdomo unapandisha na kushusha zile sauti zao mpaka wateja wakawa wananiuliza kama jino linauma. Nilishika salamu, asante, na moja mpaka kumi. Basi.

Niliwapokea Bunda, pale Manyamanyama, nikatoa salamu yangu, "sawatdee kha", na mikono nimeikutanisha kifuani, Malee akafurahi akaanza kumimina Kithai, na sikuambulia hata neno. Ningekiri pale pale yangeisha, lakini niliweka simu sikioni nikajifanya naongea na mteja, na mteja huyo wa hewani niliongea naye mpaka Butiama (nilimkatia gauni zima, na mikono).

Ndani wanawake wamejaa. Mama, ambaye Kiswahili hukisikia kwa mbali, akasimama na kusema kwa Kizanaki, lugha niliyoinyonya kwake mwenyewe. Alisema alimkasirikia Wambura kwa kutokuja kumzika baba, akaapa hatapokea mtu wake yeyote, lakini leo hasira hiyo ameitua, na binti huyu anampa jina la bibi yetu mzaa mama, Nyabweke, asiwe mgeni tena hapa. Alikuwa analia. Sijawahi kumwona mama akilia mbele za watu, hata msibani. Kisha akanigeukia: "Mwambie."

Nikashusha sauti, nikaitia huzuni, nikasema: "Nung... song, sam... si, ha, hok..." Nilipofika kumi niliona mama bado anasubiri, maana yeye alisema mengi, basi nikaanza upya kinyumenyume.

Malee alinitazama mpaka nikamaliza. Halafu akasema, kwa Kiswahili cha taratibu kilichonyooka kuliko changu: "Samahani, wifi, kwa nini unahesabu?"

Kumbe mwaka mzima amejifunza Kiswahili kwa siri, hata Wambura hajui, ili amshangaze mama! Nilikuwa na Kizanaki cha mama na Kiswahili cha mkwe, vyote viwili mdomoni mwangu, mimi nikaenda kutafuta cha tatu.

Shangazi akanirukia. "Si ulisemaga unakijua wewe?" Halafu akamweleza mama, na mama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nyabise, mimi nalia, wewe unahesabu?" Nikapiga magoti, nikamwomba alirudie neno lake, nitalitafsiri vizuri, naapa. Akatikisa kichwa. "Nimeshasema," akakaa, na wanawake wengine hawakuthubutu kulirudia neno lake kwa niaba yake.

Nilimfuata Malee jikoni, nikamweleza yote kwa Kiswahili, hasira, msiba, msamaha, jina. Aliniangalia kwa huruma, akanishika mkono. "Asante, wifi. Lakini haya mama ameyasema kweli, au ni yako?"

Niliapa kwa jina la baba. Akaitikia kwa kichwa tu, kwa adabu, vile mtu anavyomwitikia muuzaji.

Wamesharudi Bangkok. Akipiga simu hujiita Malee, na mama akisikia hilo jina humpa shangazi simu. Siku hizi mtu akiniuliza najua lugha ngapi, namwambia sijui hata moja, na zile mbili ambazo zingetosha naona haya kuzitaja.