Bunduki Niliyoiacha Ghalani

Mwanangu, kabla hujavaa hiyo sare ya askari wa wanyama uliyopewa, keti kidogo nikusimulie. Kuna asubuhi moja ya miaka ya tisini, kule Magunga, ambayo mpaka leo nikinusa mafuta ya bunduki inanirudia yote.

Nilikuwa kijana, na nilijiona sana. Aliyenifundisha kazi ni Afande Odera, mzee mpole aliyependa chai ya maziwa na viazi vitamu, na aliyesoma nyayo kama wewe unavyosoma simu. Macho yake ya mbali yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo yeye alitangulia akifuata nyayo, mimi nikabeba bunduki. Siku hizo zilikuwa tamu, sikudanganyi.

Basi nyati dume aliyejeruhiwa na mtego wa waya akatoka mbugani, akajificha vichakani kando ya njia ya mtoni. Alikuwa ameshamkimbiza mama mmoja na mtungi wake, na watu hawakuthubutu tena kwenda kuteka maji. Tukatumwa tukammalize.

Ghalani zilikuwepo bunduki mbili. Moja nyepesi, risasi zake nyembamba, nzuri kwa shabaha ya mbali. Nyingine nzito, risasi nene kama kidole gumba, ya kumsimamisha mnyama mkubwa akiwa karibu.

“Chukua hiyo nzito, nyathina,” Odera akaniambia. Ndivyo alivyoniita kwa Kijaluo, yaani mtoto wangu. “Kule utamwona akiwa hatua kumi, si zaidi.”

“Hii nyepesi inatosha, Afande. Mimi sikosi.”

Ukweli ni kwamba wiki iliyotangulia, yeye akiwa likizoni kwao Kendu Bay, ile nzito ilinipiga teke begani kwenye mazoezi nikaanguka kitako mbele ya wenzangu. Walicheka hadi machozi. Bega lilikuwa bado limevimba, na mimi nikaona heri nyati kuliko kuchekwa tena.

Odera alinitazama kidogo, kisha akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Tulipofika, akafanya kama kawaida yake: alivua kofia akairusha kichakani, apime jicho linafika hatua ngapi. Ilipotea hatua saba. Hapo ningesema turudi tukachukue ile nzito, na sikusema. Nyati akatoka. Nilimpiga kifuani, wala sikukosa, lakini risasi ile nyembamba haikumsimamisha. Alimpitia Odera akamvunja mguu, na ni risasi ya tatu ndiyo iliyomlaza.

Hospitalini Homa Bay nililia, nikamweleza habari ya bega.

“Ungeniambia tu, nyathina. Ningeibeba mimi. Kwa hatua saba hata macho yangu haya yangetosha.”

Hakunigombeza zaidi, wala hakumwambia mtu. Alichechemea mpaka alipotutoka, na mimi hadi leo nikisikia mtu akiburuta mguu nyuma yangu, nageuka.

Basi shika haya, mwanangu. Usichague bunduki kwa kupenda wepesi wake. Uliza kwanza unamfuata mnyama gani, na utakutana naye umbali gani. Na bega likiuma, sema. Watakucheka jioni moja, kisha watasahau. Anayetangulia mbele yako ameamini neno lako.

Haya, nenda. Mungu akupe mwenzako utakayeweza kumwambia ukweli, na kila jioni mrudi wote wawili kwa miguu yenu.